Haki ya Mnyonge na Hesabu ya Wenye Nguvu

Umekuwa mtindo katika madarasa ya falsafa kuzipanga nadharia za maadili kama bidhaa juu ya meza ya mchuuzi. Hapa pana manufaa, pale pana wajibu, na kando yake pana fadhila. Mwanafunzi hupewa tatizo gumu, huambiwa achague nadharia impendezayo, naye hutoka akidhani kwamba amefikiri. Mtindo huu hauna budi kupingwa, maana huifanya haki kuwa jambo la kupenda na kutopenda. Kesi moja ya kweli yatosha kuuonyesha ubaya wake.

Mwaka 1884 chombo kidogo cha matanga, Mignonette, kiliondoka Uingereza kwenda Australia. Tarehe 5 Julai kilivunjwa na wimbi katika Atlantiki ya Kusini, mbali sana na pwani. Watu wanne waliingia mashuani: nahodha Tom Dudley, Edwin Stephens, Edmund Brooks, na Richard Parker, kijana mtumishi wa miaka 17. Walikuwa na makopo mawili ya mboga, wala hawakuwa na maji. Walipata kasa mmoja, wakamla akaisha. Siku ya 20 Parker alikuwa amelala chini, hoi baada ya kunywa maji ya bahari. Dudley alimwua kwa kisu, Stephens akiwa ameridhia. Brooks alikataa, lakini alikula pamoja nao. Siku ya nne baada ya tendo hilo merikebu ya Kijerumani iliwaokoa.

Mfuasi wa Bentham na Mill hutoa hesabu yake upesi: watatu ni wengi kuliko mmoja, Dudley na Stephens walikuwa na wake na watoto, kijana alikuwa yatima, basi hasara ilikuwa ndogo. Hesabu hii yaonekana safi mpaka atazamwe aliyeishika kalamu. Waliohesabu ndio waliopona. Nahodha alipata kutaja kura, Brooks akaikataa, na shauri hilo halikufikishwa kwa kijana kabisa. Wazee wa baraza waliosikiliza kesi katika mji wa Exeter walithibitisha mambo mawili ambayo yapasa kusomwa pamoja. Kwanza, kwamba yumkini wanaume wale wasingalipona bila ya chakula kile. Pili, kwamba hata kama ilikuwa lazima mtu auawe, hapakuwa na lazima ya kumwua kijana kuliko yeyote miongoni mwa wale watatu. Watetezi wa manufaa hulipenda jambo la kwanza, na la pili hulipita kimya. Nalo ndilo livunjalo hoja yao. Hesabu ilitaka mtu mmoja, haikumtaka Parker. Aliyemtaja Parker ni udhaifu wake. Na ikisemwa kwamba wake na watoto wa wenziwe ndio waliomtaja, basi kila yatima duniani na ajihadhari, maana damu yake imekwisha kutiwa bei.

Mfuasi wa Kant husimama mahali imara zaidi anaposema kwamba mtu asitumiwe kamwe kama chombo tu cha haja za wengine. Hulaumiwa kwamba amri yake haimpi mwenye njaa kitu ila kifo chema. Lawama hiyo ni kweli, walakini haimwangushi. Ziko dhiki ambazo haki haina zawadi ya kutoa ndani yake, na nadharia inayoahidi njia safi katika kila dhiki huuza kitu isichokuwa nacho.

Mwenye kuiandama fadhila, kwa mafunzo ya Aristotle, hana budi kumtazama Brooks. Huyu hakuwa shujaa, maana mkono wake ulikataa na kinywa chake kikakubali. Hata hivyo, kukataa kwake ni ushahidi mzito: katika njaa ile ile na kiu ile ile, kukataa kuliwezekana.

Desemba 1884 majaji, wakiongozwa na Lord Coleridge, waliamua kwamba dhiki si udhuru wa kumwua asiye na hatia. Dudley na Stephens walihukumiwa kifo, kisha adhabu ikapunguzwa kuwa kifungo cha miezi 6. Wako wasemao kwamba hukumu na huruma hiyo zapingana. Hazipingani hata kidogo. Kusamehe si kuhalalisha. Aliyesamehewa hubaki mkosaji aliyehurumiwa. Aliyehalalishiwa tendo lake huwa amewafungulia njia wote watakaokuja nyuma yake wakiwa na nguvu na njaa. Mwanafunzi anayetumia nadharia ili tendo lile lionekane jema hutafuta msamaha kwa jina la haki, na huwapoteza wote wawili.

Wahenga walisema, "Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni." Mashuani ilifuatwa nusu ya kwanza, madarasa yaliyojaa hesabu yanaifuata nusu hiyo hiyo kila mwaka. Kwa hiyo swali la mtihani halipasi kuwa, "Ni nadharia gani uipendayo?" Lapasa kuwa, "Ni nani atakayelipa, naye aliulizwa?" Nadharia isiyoweza kulijibu swali hilo mbele ya Parker, akiwa macho na akisikia, haifai kufundishwa kama mwongozo wa watu.