Je, Bwana Sakarani Alikuwa Shujaa?

Katika majadiliano ya muhula huu ilitolewa hoja kwamba habari za maofisa wa Kijerumani ziondolewe katika masomo yetu, kwani hazitufai kitu. Wapinzani walijibu kuwa mtu kama Tom von Prince alikuwa shujaa, naye astahili sifa yake. Mimi sikubaliani na upande wo wote, na naomba nafasi niseme kwa nini.

Prince alizaliwa mwaka 1866 katika kisiwa cha Mauritius; baba yake Mwingereza, mama yake Mjerumani. Alikuja huku akiwa ofisa kijana wa jeshi la Kijerumani. Waafrika walimwita Bwana Sakarani, yaani mlevi, kwa jinsi alivyolewa vita.

Hapa Tabora jina lake limefungamana na la Mtemi Isike wa Unyanyembe. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji ilipita katika nchi ya Isike, naye alitoza hongo. Wajerumani waliitaka njia hiyo iwe mkononi mwao. Mwaka 1892 walilishambulia boma lake wakashindwa. Januari 1893 Prince alilivunja. Isike alipoona yamekwisha, aliingia katika ghala ya baruti akailipua. Wajerumani walimkuta angali na pumzi, wakamnyonga.

Baadaye Prince alipigana na Mkwawa, akajenga boma la Iringa mwaka 1896 na kuitawala Uhehe. Mwaka 1900 aliacha jeshi, akawa mkulima Usambara. Vita Kuu vilipoanza alirudi kazini, akauawa Tanga tarehe 4 Novemba 1914, akipigana na jeshi la Waingereza, watu wa baba yake.

Hakuna awezaye kusema kuwa mtu huyu alikuwa mwoga. Lakini hata mwizi avunjaye nyumba ya watu usiku ana moyo mgumu, wala hatumwiti shujaa. Kabla ya kumsifu mtu kwa ujasiri, yatupasa tuulize: alipigania nini, na katika nchi ya nani? Prince aliwaua watu katika nchi yao wenyewe. Isike naye hakuwa malaika, maana hata misafara ya watumwa ilipita kwake. Lakini alikufa akiilinda nchi yake.

Mbona basi nasema tumsome Prince? Kwa sababu tusipojua alivyoshinda hatutajua tulivyoshindwa. Hakushinda kwa bunduki peke yake. Askari wake wengi walikuwa watu weusi kama sisi. Waarabu wa Tabora walikwisha patana na Emin Pasha tangu mwaka 1890. Mirambo wa Urambo, aliyepigana miaka mingi na Unyanyembe, alikwisha kufa mwaka 1884, na dola yake ikadhoofika. Wanyamwezi walikuwa wametumia nguvu zao kupigana wao kwa wao, na Isike akabaki peke yake. Kidole kimoja hakivunji chawa. Somo hilo halimo katika maisha ya Isike tu. Limo pia katika maisha ya adui yake. Atakayelifuta jina la Prince kitabuni atalifuta na somo lenyewe.

Wageni wajapo Tabora huonyeshwa tembe la Livingstone kule Kwihara. Ni vema. Lakini mwanafunzi wa Tabora aweza kumaliza Kidato cha Nne akijua siku alizokaa Livingstone, asijue Isike alikufaje. Hiyo ni aibu yetu, wala tusiwatupie walimu.

Kwa hiyo natoa shauri. Muhula ujao, kila mwenye wazee Unyanyembe, Urambo au Uhehe aende likizo na daftari, aulize, aandike, na habari hizo zichapwe humu gazetini. Wazee hawatungoji. Tukisha kusikia pande zote mbili, ndipo tupige kura nani alikuwa shujaa.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne