Kutoka Auschwitz hadi Kengeleni: Safari ambayo vijana wa Pwani hawajapelekwa

KILA mwaka, kati ya Aprili na Mei, maelfu ya vijana wa Kiyahudi kutoka nchi mbalimbali hukusanyika nchini Poland na kutembea kwa miguu karibu kilomita tatu, kutoka kambi ya Auschwitz hadi ile ya Birkenau. Katika kambi hizo Wanazi waliwaua watu wapatao milioni 1.1, takriban milioni moja kati yao wakiwa Wayahudi. Matembezi hayo yalianza mwaka wa 1988, na hayaishii kwenye magofu ya matanuri. Wengi wa vijana hao huendelea na safari hadi Israeli, ambako huadhimisha siku ya uhuru wa taifa hilo. Anayeondoka kwao akiwa hajali sana asili yake hurudi akiwa ameambiwa, bila kufichwa neno, kwamba yeye ni wa watu hawa na kwamba watu hawa hawakwisha.

Kila muhula pia, mabasi ya shule huegeshwa karibu na Fort Jesus, pale mtaa wa Kizingo unapokutana na Mji wa Kale wa Mombasa. Watoto hushuka wakiwa na madaftari. Huonyeshwa mizinga, kuta zilizojengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596, na vitu vilivyoopolewa kutoka merikebu ya Santo Antonio de Tanna iliyozama mwaka wa 1697 wakati ngome ilipokuwa imezingirwa na Waomani. Hupiga picha, hununua barafu, hurudi shuleni. Wanajua nani alimshinda nani. Kuhusu wao wenyewe, kwamba wametokana na nani na kwa nini nyanya zao walifika katika ufuo huu, sidhani kwamba wengi wao huondoka na lolote.

Huenda msomaji akauliza Auschwitz na Kizingo zina uhusiano gani. Upo, tena si wa mbali sana. Miaka ya 1930, familia za Kiyahudi zilizomkimbia Hitler zilifika Kenya kwa meli, na kila meli inayoingia bandari ya Kilindini sharti ipite mbele ya Kizingo, penye mibuyu na mnara wa taa wa Ras Serani. Mwandishi Stefanie Zweig aliletwa nchini akiwa mtoto mwaka wa 1938, na kitabu chake kuhusu maisha hayo kilizaa filamu iliyotunukiwa Oscar mwaka wa 2003. Hata kabla ya hapo, mwaka wa 1903, serikali ya Uingereza ilikuwa imependekeza Wayahudi wapewe makao katika nyanda za Uasin Gishu, pendekezo ambalo mkutano mkuu wao ulilikataa mwaka wa 1905. Hakuna aliyewauliza wenyeji wa nyanda hizo, lakini hayo ni makala mengine.

Mkondo wa upande wa pili wa kisiwa, ule unaoelekea bandari ya kale chini ya Fort Jesus, ulipitisha majahazi ya namna nyingine. Yalibeba binadamu waliotekwa karibu na Ziwa Nyasa na bara la Msumbiji, wakasafirishwa kupitia Kilwa na Unguja hadi mashamba ya Mombasa na Malindi, na wengine hadi Uarabuni. Sultani Barghash alipolazimishwa na Waingereza kupiga marufuku biashara hiyo baharini mwaka wa 1873, wafanyabiashara waligeukia nchi kavu, na mateka wakaswagwa kwa miguu kuelekea kaskazini. Sehemu kubwa ya watu wa Pwani ya leo ina damu ya watu hao, au ya waliowanunua, na mara nyingi ya wote wawili.

Hapa ndipo mfano wa Wayahudi unapotufaa na pia unapotutupa. Safari za Poland zina nguvu kwa sababu zimeegemea majina. Taasisi ya Yad Vashem ya Jerusalem imetumia miaka mingi kukusanya majina ya waliouawa, na sasa imefikisha takriban milioni tano kati ya watu milioni sita. Kijana anaweza kusimama kwenye reli ya Birkenau akasoma jina la ndugu ya babu yake. Nguvu ya pili ni neno "sisi". Waliokufa ni wetu, waliowaua ni wengine. Hakuna anayesita kusema hivyo.

Kwetu ni nani atakayesema "sisi"? Jaribu kuuliza barazani, Mji wa Kale au Malindi, ni nani aliyetokana na watumwa. Utajibiwa kwa kimya, au kwa kucheka, au utatajiwa ukoo wa jirani. Kiswahili chenyewe kimehifadhi aibu hiyo. Neno uungwana, ambalo leo tunalitumia kwa maana ya adabu njema, lilikuwa likitaja hali ya mtu asiye mtumwa. Muungwana alikuwa na nasaba. Mtumwa hakuwa nayo, na aliyezaliwa utumwani aliitwa mzalia ili pasiwe na shaka juu ya daraja lake. Aliyetoroka aliitwa mtoro, neno ambalo siku hizi tunamwita mwanafunzi anayekwepa masomo. Sisi wahariri tunaolishughulikia neno hilo kila siku katika habari za shule hatukumbuki kwamba watoro wa karne ya 19 walijenga vijiji vyao wenyewe, kama Fuladoyo katika bara ya Malindi, wakavilinda dhidi ya mabwana waliowafuata. Ni historia ya ushujaa. Hata hivyo, sijaona watoto wa Kizingo wakipelekwa kuitazama.

Hata majina hayajapotea yote. Mwanzoni mwa 1889, watoro zaidi ya 1,400 waliokuwa wamepata hifadhi katika misheni za Rabai na kwingineko walipewa hati za uhuru baada ya mabwana wao kulipwa na kampuni ya Kiingereza iliyotawala Pwani wakati huo. Sheria ya mwaka wa 1907 iliyofuta utumwa katika ukanda wa Pwani ya Kenya nayo iliruhusu fidia, na madai yakasikilizwa mahakamani. Fidia hiyo ilikwenda kwa mabwana. Aliyekuwa mtumwa hakulipwa hata pesa moja, wala hakupewa shamba. Mwaka uliofuata, 1908, ikaja sheria ya kusajili hatimiliki za ardhi katika ukanda wa maili kumi. Wenye hati na mashahidi wakaandikisha mashamba, huku Mijikenda wengi na watumwa wa zamani wakibaki kuitwa maskwota katika ardhi waliyoilima.

Ndiyo maana siliangalii suala hili kama la makumbusho na utalii pekee. Kila uchaguzi mkuu unapokaribia, vijana wa Pwani huambiwa na wanasiasa ni nani mwenyeji na ni nani mgeni. Kijana asiyejua kwamba nyanya yake aliletwa kwa minyororo kutoka Nyasa, au kwamba babu yake aliwahi kulipwa kwa kumpoteza mtumwa, ni rahisi kumuuzia uongo wa aina yoyote kuhusu asili yake na ya jirani yake. Uongo huo umewahi kuuzwa. Wapo wanaoigeuza biashara ya utumwa kuwa kesi ya Waarabu dhidi ya Waafrika, au ya Uislamu dhidi ya Ukristo, wakisahau mashamba ya Wafaransa katika visiwa vya Bahari Hindi yaliyotumia watumwa hao hao, na wakisahau kwamba wakati wa njaa jamii za bara zilikuwa zikiweka watoto rehani mjini kwa sababu ya nafaka. Wapo pia wanaosema utumwa wa Pwani ulikuwa mpole, wa kifamilia. Walioukimbia wakahatarisha roho zao hawakuuona hivyo.

Safari za Poland zenyewe hazikosi wapinzani, na wakali zaidi ni Waisraeli. Wako walimu na wasomi wa huko ambao kwa miaka mingi wameuliza kama kijana anayetembezwa kambini akiwa amejifunika bendera hurudi akiwa amejifunza thamani ya kila binadamu, au amejifunza tu kuuogopa ulimwengu. Mwaka wa 2022 Israeli ilisitisha ziara za shule zake baada ya kuzozana na serikali ya Poland kuhusu walinzi wenye silaha na yale ambayo vijana wangefundishwa. Nchi hizo zilikubaliana kuzirejesha mwaka wa 2023. Kisha likaja shambulio la Hamas la Oktoba 7, 2023, na vita vya Gaza, na Mei 2024 waandamanaji waliobeba bendera za Palestina walisimama kando ya njia ya matembezi hayo. Najua kwamba kwa wasomaji wengi wa Mombasa, kulitaja jambo la Wayahudi wakati Gaza imegeuzwa vifusi ni kujitafutia lawama. Lakini kuyakubali mauaji ya watu milioni sita si kuikubali sera ya serikali yoyote, na namna watu wengine wanavyowafunza watoto wao huzuni yao ni jambo tunaloweza kulichunguza bila kuchukua bendera ya mtu.

Mfano ulio karibu nasi zaidi uko Kigali. Kituo cha kumbukumbu cha Gisozi, walikozikwa zaidi ya watu 250,000 waliouawa katika mauaji ya kimbari ya 1994, kilifunguliwa mwaka wa 2004 kwa ushirikiano na shirika la Aegis Trust, ambalo waanzilishi wake ndio walioanzisha kituo cha kukumbuka Maangamizi ya Wayahudi nchini Uingereza. Tangu 2009 vijana wa Rwanda wamekuwa na matembezi yao ya kumbukumbu. Tofauti ni kwamba huko anayetembea hana pa kwenda baadaye. Mtoto wa aliyeuawa na mtoto wa aliyeua hurudi katika kilima kimoja na kuteka maji kisima kimoja. Serikali ya Rwanda imelaumiwa kwa kudhibiti mno kinachosemwa katika kumbukumbu hizo, na lawama hiyo si ya kupuuzwa. Hata hivyo, swali wanalolikabili ndilo letu: utamfunzaje kijana historia ambayo ndani yake yeye ni mjukuu wa pande zote mbili?

Jibu moja, nadhani, ni kutomdanganya. Kule Shimoni, Kaunti ya Kwale, wanakijiji wanasimamia mapango ambayo mgeni huambiwa kwamba mateka walifungiwa humo kabla ya kupakiwa majahazini. Roger Whittaker, mwanamuziki mzaliwa wa Nairobi, aliyapa sifa kwa wimbo. Lakini pango hilo hilo lina masimulizi mengine: kwamba lilikuwa maficho ya wenyeji walipovamiwa, na kwamba ni mahali pa mizimu. Unguja nako, vyumba vya chini karibu na kanisa kuu la Kianglikana la Mkunazini, lililojengwa penye soko la watumwa, huonyeshwa watalii kama magereza ya watumwa, ilhali wapo wanahistoria wanaosema vilijengwa baada ya soko kufungwa. Mtalii anataka minyororo, na anayeishi kwa kiingilio cha mtalii humpa minyororo. Mwanafunzi wa Mombasa anastahili kuambiwa yote mawili, kisha aachwe abishane na mwalimu wake.

Fort Jesus yenyewe ingetosha kuanzia. Kabla ya kufunguliwa kuwa makumbusho mwaka wa 1962, ilikuwa gereza la serikali ya kikoloni tangu 1895 hadi 1958. Kabla ya hapo ilikuwa kambi ya askari wa sultani aliyepata mapato kutoka biashara ya watumwa. Mwaka wa 2023 Mfalme Charles wa Uingereza aliitembelea, siku chache baada ya kusema jijini Nairobi kwamba anajutia maovu ya ukoloni, bila kuomba msamaha. Hatua chache kutoka langoni lipo jengo la mahakama ya zamani la mwaka wa 1902. Mwalimu mwenye dakika 20 na nakala ya sheria ya 1907 angeweza kuwasomea wanafunzi wake mbele ya jengo hilo ni nani aliyelipwa na ni nani aliyeachwa.

Kutoka hapo ni kuvuka daraja la Nyali hadi Kengeleni, ambako mnara wa kengele wa Frere Town ungali umesimama kando ya barabara yenye msongamano. Kijiji hicho kilianzishwa na wamishenari mwaka wa 1875 kwa ajili ya waliookolewa kutoka majahazini, na miongoni mwa walimu wake wa kwanza walikuwa Waafrika waliokuwa wameokolewa utotoni, wakalelewa Nasik huko India na kurudishwa. Kengele ilipigwa kuwaonya watu kwamba watekaji wanakuja. Wajukuu wa kijiji hicho wangali wanaishi Kisauni, na baadhi yao ni wazee ambao wangeweza kuwasimulia wanafunzi yale waliyosimuliwa na nyanya zao. Safari hii haihitaji mfadhili wala pasipoti. Kutoka Kizingo ni nauli ya matatu.