Staa, Kabla ya Kumwanika Fundi, Mkataba Uko Wapi?
Kuna staa mmoja wa mjini, jina kapuni, kamwanika fundi wake mtandaoni kisa sakafu ya gereji ya nyumbani imepasuka. Watu wanashangilia, fundi anatukanwa mpaka mama yake. Mimi nakataa.

Kwa maelezo ya staa mwenyewe, hela yote alilipa siku ya kwanza, mkataba hakuna, na siku ya nne tu baada ya zege kumwagwa akaingiza gari apige picha. Jamani! Zege linataka kumwagiliwa maji angalau siku 7, na nguvu yake hupimwa siku ya 28. Siku ya nne gari linatafuta nini pale?

Sisemi mafundi ni malaika. Wapo wanaopunja saruji, wapo wanaochukua hela ya kuanzia halafu wanazima simu. Ndiyo maana andikianeni kazi, vifaa na bei, kisha lipa kwa hatua: msingi, kuta, bati, sakafu. Ya mwisho ishikilie mpaka ukague.

Fundi anaishi kwa jina lake. Ukilichafua, umemfungia riziki. Mdai kwa karatasi, siyo kwa mafollowers. Au mnasemaje, wadau?