Nafuu ya utafiti ipo kwenye sheria, ila msaga unga wa Maneromango haimfikii

Makamanda, wengi wetu tukisikia neno "utafiti" tunawaza koti jeupe na darubini. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 haiwazi hivyo. Kifungu cha 15 kinamruhusu mfanyabiashara kutoa gharama za utafiti na maendeleo kwenye mapato yake kabla kodi haijapigwa, na tafsiri yake ni pana kuliko tunavyodhani: ni gharama za kuendeleza biashara yako na kuboresha bidhaa au namna unavyoizalisha. Hakuna sharti la maabara, wala la PhD.

Sasa njoo Kisarawe. Chukua mfano wa dada anayesaga unga wa muhogo kule Maneromango. Mvua zikianza unga unashika ukungu, wateja wa Dar wanaurudisha. Anajaribu kukausha kwenye kichanja cha nailoni, anatupa viroba vitatu, anapeleka sampuli ikapimwe unyevu, anabadili vifungashio mara mbili. Huo ni utafiti. Au kijana wa Kibaha, tuseme pale Kwa Mathias, anayechanganya chakula cha kuku na kujaribu funza badala ya dagaa kwa sababu bei ya dagaa imemshinda. Naye anatafiti, hata kama yeye anaita "kubahatisha".

Tatizo ni kwamba kifungu cha 15 hakiwafikii. Mfanyabiashara binafsi ambaye mauzo yake ya mwaka hayazidi kiwango fulani anaingizwa kwenye kodi ya makadirio. Sheria ya Fedha ya 2019 ilipandisha kiwango hicho kutoka shilingi milioni 20 hadi milioni 100, na Serikali ikajisifu kwamba imewarahisishia wadogo. Makaratasi kweli yalipungua, nisiwe mchoyo. Lakini kodi ya makadirio inapigwa kwenye mauzo, si kwenye faida. Ukiuza unga wa milioni 30, kinachoangaliwa ni milioni 30. Kama milioni 2 ziliishia kwenye viroba vilivyooza ukijaribu, hiyo ni shauri yako.

Linganisha na kampuni. Kodi ya kampuni ni asilimia 30 ya faida. Kampuni yenye faida ikitumia milioni 4 kwenye majaribio, inaokoa milioni 1 na laki 2 za kodi. Dada yetu akitumia milioni 4 hizo hizo, kwa majaribio yale yale, anaokoa sifuri. Yaani anayemudu kukosea anapewa nafuu, na ambaye kosa moja linamfungia biashara anaambiwa alipe kama vile hakukosea!

Kuna mtu atasema: si ajitoe kwenye makadirio? Anaruhusiwa, sheria inampa hiari hiyo. Lakini akijitoa anatakiwa kutunza hesabu kamili na kuthibitisha kila matumizi. Muhogo anaununua shambani kwa mzee ambaye hajawahi kushika mashine ya EFD; risiti ataitoa wapi? Akifungua kampuni, ritani yake lazima iandaliwe au ithibitishwe na mhasibu mwenye CPA, na ada ya mhasibu inaweza kuimeza nafuu yote. Tena mashine haimo kwenye gharama za utafiti, inahesabiwa kwenye uchakavu wa mali. Na mwaka akipata hasara harudishiwi hata senti, hasara inasogezwa tu mbele kusubiri faida ya mwaka mwingine, kama duka litakuwa bado lipo.

Wenzetu wamefanyaje? Afrika Kusini kampuni ikitumia randi 100 kwenye utafiti ulioidhinishwa, inaruhusiwa kutoa 150. Uingereza kampuni ndogo inayotafiti inaweza kulipwa fedha taslimu hata ikiwa kwenye hasara. Ni kweli Waingereza walipigwa sana na madai hewa, hadi mwaka 2023 wakaanza kudai maelezo ya ziada kwa kila ombi. Hoja ya udanganyifu siidharau. Ila dawa yake ni uhakiki, na wahakiki tunao. SIDO ipo tangu 1973, ina ofisi mikoani, na inawajua wasagaji na wachanganyaji hawa. Barua ya SIDO kwamba majaribio yalifanyika ingetosha kwa kuanzia.

Kinachonikera zaidi ni kwamba Kibaha ndiko Serikali yenyewe inakofanyia utafiti. Kituo cha utafiti wa miwa cha TARI kipo Kibaha. Nyumbu, kule ambako jeshi lilibuni lori letu, kupo Kibaha. Serikali inajua fika kwamba jaribio la kwanza huwa halifanikiwi. Inajua kwa miradi yake, inasahau ikifika kwa mama wa unga.

Kwa sasa, ukiwa na biashara, anza na daftari: tarehe, ulichojaribu, ulichotumia, kilichotokea. Omba risiti hata ya sampuli moja. Siku mauzo yakivuka kiwango, au ukifungua kampuni, daftari hilo ndilo litakalozungumza mbele ya afisa wa TRA.

Kisiasa, tudai kifungu kimoja tu kwenye Muswada wa Fedha wa Juni: mlipakodi wa makadirio apunguziwe kodi kwa sehemu ya gharama za majaribio zilizothibitishwa, kwa ukomo utakaotajwa. Na msikubali kuambiwa kwamba mbunge hawezi kugusa kodi bila pendekezo la Rais. Someni Ibara ya 99 ya Katiba taratibu: katazo linahusu kutoza kodi au kuibadilisha kwa namna nyingine yoyote isipokuwa kuipunguza. Kupunguza kumeachwa nje ya katazo. Mbunge yeyote anaweza kuingia na jedwali la marekebisho, na maneno ya kifungu hiki hayazidi nusu ukurasa.