Manowari zetu na mafundi wa watu

Mwaka 2011 manowari KNS Nyayo na KNS Umoja zilirejea Mombasa kutoka Italia, ambako zilikarabatiwa na kampuni ya Fincantieri. Meli hizo ziliundwa Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1980, zikiwa na makombora ya Otomat yaliyotengenezwa huko huko Italia. Zilirudi bila makombora.

Wapo waliolicheka Jeshi letu la Wanamaji kwa hilo. Naona hawakulitendea haki. Adui wa bahari yetu miaka ile hakuwa manowari za taifa jingine, bali maharamia waliopanda mashua, na kombora kubwa halina kazi mbele ya mashua. Kilichotakikana ni meli zinazoweza kwenda doria na kurudi salama. Mwaka 2012, majeshi yetu yaliposhuka Kismayu kutokea baharini, hakuna aliyeuliza Otomat ziko wapi.

Kinachokera ni kwamba meli ikizeeka, lazima ivuke bahari kumfuata fundi. Wakati huo wote pwani hubaki bila mlinzi wake.

Tena fundi wa mbali ana gharama zake, na baadhi hazionekani. Mfano ni KNS Jasiri. Mkataba wake ulitiwa saini mwaka 2003 na kampuni ya Euromarine, kwa takriban shilingi bilioni 4.1, ukiitaja kuwa chombo cha utafiti wa bahari. Mradi ukaja kutajwa pamoja na mikataba ya Anglo Leasing, malipo yakasitishwa, na meli ikabaki Hispania hadi 2012. Miaka tisa! Kila swali lilipoulizwa, jibu lilikuwa usalama wa taifa. Sijui ni adui gani aliyefichwa bei ile, ikiwa muuzaji mgeni alikuwa akiijua hadi senti ya mwisho.

Sasa tuna Kenya Shipyards, na huko Mtongwe kuna chelezo ya kupandishia meli, iliyofunguliwa mwaka 2020. Hatua njema. Hata hivyo chelezo si ufundi. Mitambo, rada na vipuri vingali vinatoka ng'ambo, na anayeviuza ndiye ajuaye siri yake. Kwa hiyo mkataba ujao, uwe wa Ulaya, Asia au Marekani, uwataje kwa idadi vijana wetu watakaofunzwa kuifungua na kuifunga mitambo hiyo, na ufikishwe mbele ya kamati ya Bunge kabla ya wino kukauka.