Mama, mtoto wako anafanya kazi gani Baraka?

Mwezi huu nitaanza na mama mmoja wa Misisi. Alinishika mkono baada ya ibada, pale pale mlangoni, akaniambia: "Pasta, mtoto wangu iko Baraka, mwaka wa ine sasa. Anasema iko anafanya kazi. Lakini kila mutu anayetoka kule anasema amemukuta analala mchana, na usiku iko mbele ya ordinatere, ekuteri kwenye masikio. Ile ni kazi gani? Mjomba wake iko na shimo hapa, anatafuta mutu wa kuandika daftari. Umwambie arudi."

Nikamwahidi nitamwona. Na niseme kweli mbele yenu, ninyi wazazi na ninyi vijana: nilikwenda nikiwa nimekwisha kukata shauri. Nilitaka kumwambia arudi kwa mama yake.

Kijana yule namjua. Ana miaka 26. Mwaka 2023 alikuwa mpiga gitaa wa kwaya yetu, kisha akasimamishwa. Barua ya kumsimamisha ilikuwa na sahihi yangu. Jambo hilo nitalirudia.

Anapanga chumba kimoja cha mabati, karibu na ziwa, upande ambao asubuhi unaona milima ya Ubwari ng'ambo ya ghuba. Ndani kuna kitanda, meza, ndoo ya maji, batri sakafuni, na ordinatere ambayo kona yake moja imefungwa na utepe. Nilifika saa kumi na moja jioni. Alikuwa ameamka zamani kidogo, anapika sombe. Nikajisema moyoni, kumbe mama alisema kweli.

Lakini tulikula, giza likaingia, nikaona kazi yenyewe. Anatengeneza saiti, yaani kurasa za intaneti: ya shule, ya duka, ya mtu anayepangisha vyumba. Wengi wetu tunazifungua kwenye simu kila siku na hatuulizi ni nani aliyezipanga. Si ufundi wa zamani sana. Mwingereza mmoja, Tim Berners-Lee, aliyekuwa akifanya kazi CERN, kituo kikubwa cha utafiti karibu na Geneva kule Uswisi, alitoa wazo lake mwaka 1989. Saiti ya kwanza ikajulikana kwa watu wa nje mwaka 1991. Tarehe 30/4/1993 CERN ikatangaza kwamba mtu ye yote anaweza kutumia ufundi ule bila kulipa kitu. Ndiyo sababu kijana wa Baraka hahitaji kununua ruhusa ya mtu. Hata nchi yetu iko na mwisho wake wa jina kule, ".cd". Wakati wa Zaire ulikuwa ".zr"; ule mpya ulikuja mwaka 1997, jina la nchi lilipobadilika.

Akanionyesha ukurasa kwa ndani. Unajua, kwa ndani si mzuri hata kidogo! Ni maneno yaliyojaa vialama kama vichwa vya mishale: kimoja kinasema hiki ni kichwa cha habari, kingine kinasema hapa inaanza aya, kingine kinaita picha. Halafu kuna karatasi nyingine inayopanga rangi na ukubwa wa herufi. Alifuta alama moja tu, na nusu ya ukurasa ikaanguka chini ya picha. Akacheka, akairudisha. "Usiku mzima unaweza kupotea juu ya alama moja, Pasta."

Kitu kilichonigusa ni picha. Mwenye shule alimletea picha za simu, kila moja mega nne. Yeye alikaa akizipunguza moja moja mpaka kilo mia, yaani sehemu moja ya arobaini. Nikamwuliza, kwa nini ujitese, picha si zinaonekana vizuri hivi? Akajibu: "Mzazi wa kule Fizi, juu mlimani, iko na simu ndogo na reseau inakuja inaenda. Kila mega ananunua. Nikimwekea picha nzito atangoja, makuta itaisha, na hajaona hata bei ya masomo." Mteja wake hatajua kamwe kwamba kazi hiyo ilifanyika.

Sasa, juu ya usiku. Hapa nataka wazazi wasikilize vizuri. Mchana pano yake ya jua inajaza batri, na watu wa jirani wanaleta simu zao kuchaji. Hiyo ndiyo pesa ya chakula. Batri ni ya volti 12, ampeya 100. Ukizidisha unapata 1200, lakini batri ya namna hiyo ukiimaliza yote inakufa upesi, basi anatumia nusu, 600. Ordinatere inakula wati 50, taa 10. Kwa hesabu ni saa kumi, ila kile chombo cha kugeuza umeme nacho kinakula chake, hivi anapata nane ao tisa. Siku za mvua, tatu. Tena usiku watu wamelala, koneksio inapumua kidogo. Kwa hiyo anaanza saa mbili, analala karibu na alfajiri. Dirishani pake niliona taa za wavuvi wa ndakala, nyingi, kama kijiji juu ya maji. Wale nao wanalala mchana, na hakuna mama anayeniambia kwamba mvuvi ni mvivu. Samaki wanaonekana kwenye beseni. Kazi ya huyu haionekani kwenye beseni.

Hata hivyo nilimkemea juu ya usingizi. Macho yake ni mekundu. Mtu hawezi kuishi hivyo miaka kumi.

Pesa ni shida nyingine. Anaomba nusu mbele, nusu kazi ikiisha, na hiyo nusu ya pili mara nyingi inakuwa hadithi. Zaidi ya hapo, kazi yenyewe inakaa juu ya waya ambao si wake. Serikali ilipokata intaneti nchi nzima tarehe 31/12/2018, wakati kura zinahesabiwa, mpaka karibu tarehe 20/1/2019, yeye alikuwa Uvira akijifunza kwa rafiki mwenye ordinatere mbili. Wiki tatu walikaa mikono mitupu. Na vita ilipofika Bukavu mwezi wa pili 2025, wateja wake wawili wa kule walinyamaza. Mmoja amepiga simu tena. Wa pili bado.

Katika kuongea ndipo alinieleza jambo ambalo mama yake halijui. Alinipa ruhusa niliandike. Mwaka jana mtu mmoja alimjia na dola 300, zote mkononi, akitaka saiti ya kampuni ya dhahabu. Kampuni haiko. Ofisi haiko. Picha za mitambo alizitoa kwenye saiti ya watu wengine, za nchi nyingine kabisa. Shabaha ilikuwa kuvuta wageni wa Ulaya na Dubai watume avansi juu ya dhahabu ambayo hakuna aliyeichimba. Ninyi mnaokaa kwenye machimbo mnaelewa mchezo huo. Kijana alikuwa na deni la miezi miwili ya nyumba. Akakataa. Mtu akamwambia, "Wewe unapanga rangi tu, dhambi ni yangu." Akakataa tena. Mwenye nyumba akachukua gitaa lake kama rehani, na bado analo. Yule mwenye dola ni mtu tunayemheshimu sisi wote, na Jumapili anakaa viti vya mbele. Simtaji. Anasoma gazeti hili.

Nilikaa kimya muda mrefu. Maana katika mambo ya kanisa, aliyesimamishwa ni huyu, siyo yule.

Kosa lake lilikuwa nini? Kabla ya mazoezi ya kwaya alipiga rumba kwenye baffle ya kanisa. Ya Franco. Kamati ikaandika barua, mimi nikatia sahihi, wala sikuuliza ni wimbo gani. Usiku ule nikamwuliza. Ilikuwa "Mario", ya mwaka 1985, inayomsema kijana anayekula jasho la mwanamke tajiri na hataki kazi. Mimi mwenyewe nimehubiri juu ya kijana wa namna hiyo mara ngapi! Akanivalisha ekuteri. Kwanza Angela Chibalonza, dada yetu wa Kongo aliyeimba Nairobi na kufa kwa ajali ya gari mwaka 2007. Nyimbo zake mama zetu wanazijua. Kisha gitaa peke yake, la Mwenda wa Bayeke, yule wa Katanga ambaye Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952. Vidole viwili tu, unadhani ni watu watatu wanapiga. Nikaelewa mahali ambapo mkono wa kijana huyu ulijifunza zile nyimbo zetu za Pasaka.

Simaanishi kwamba kila wimbo wa dansi ni wa kusikilizwa. Iko mingine ambayo sitaki watoto wangu waimbe, na yeye mwenyewe alikubali. Lakini Remmy Ongala, mtu wa upande wa Kindu, alipata sifa Dar es Salaam kwa dansi, na miaka yake ya mwisho, kabla hajafa mwaka 2010, aliimba injili. Hakuna aliyemwambia atafute vidole vingine.

Kamati ya kwaya inakutana Jumamosi ya pili ya mwezi. Nimeomba ile barua iletwe mezani, na nitaisoma mimi mwenyewe kwa sauti. Kijana hajaniahidi kitu. Alisema atafikiri, na kwamba kwanza anatafuta dola 40 za kukomboa gitaa.

Mama wa Misisi, najua unasoma ukurasa huu. Kwa mjomba sikumtuma. Amesema atapanda huko mwezi ujao, akimaliza kazi ya shule, na anaomba umwekee mihogo mikavu. Anakula vizuri. Sombe ile alipakua mara mbili mbele yangu.