Lugha Yetu: Kunyonya, Kufyonza na Kuvuta

Tangu Sudani Kusini ilipokubaliwa kuingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, wako askari na jamaa zao hapa Juba wanaojifunza Kiswahili sambamba na Kiingereza, lugha rasmi ya serikali. Wiki hii tulitazame neno la Kiingereza "suck", ambalo limebebeshwa mizigo mingi mno.

Kiswahili huigawa mizigo hiyo. Mtoto hunyonya ziwa la mamaye. Nyuki hufyonza utamu wa ua, na mbu damu yetu. Bibi asiye na meno humung'unya peremende. Pampu ya gari la maji, lisimamapo kando ya Nile, huvuta maji. Naye tajiri amlipaye mtumishi nusu ya haki yake, huyo anamnyonya. Ndipo tulipopata unyonyaji, neno lililovuma sana baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967.

Vijana wakisema "this sucks", hapana kinachonyonywa: maana yake ni kwamba jambo hilo halifai, linaudhi. Ni maneno ya mitaani, wala askari asimwandikie mkubwa wake hivyo. "Suck up" ni kujikomba kwa mkubwa, tabia ambayo kambini haihitaji mfasiri.

Lakini madereva wana matumizi yao: kunyonya mafuta, yaani kutia mpira ndani ya tangi na kuvuta petroli kwa kinywa. Hapa lugha inatuhadaa, kwa kuwa kunyonya ni neno la maziwa na usalama. Petroli ni nyepesi; kiasi kidogo tu kikipotea njia na kuingia mapafuni huweza kuleta homa kali ya mapafu, hata kuua. Aliyeimeza asilazimishwe kutapika, maana katika kutapika ndipo huweza kuingia mapafuni. Avuliwe nguo zilizolowa, apelekwe hospitali upesi, hata kama kikohozi bado hakijaanza. Pampu ndogo ya mkono hufanya kazi hiyohiyo bila kinywa cha mtu.

Na akina mama, petroli iliyobaki isitiwe katika chupa ya soda au ya maji. Mtoto mwenye kiu hasomi rangi wala harufu. Huona chupa aliyoizoea, akainua, akanywa.